Vitabu vya Marehemu Baba na Ukungu wa Masika: Tathmini ya Karakana Moja ya Ngara

Karakana ninayoitathmini hapa, ya kutibu vitabu vilivyoota ukungu, haina bango mlangoni wala jina linalotangazwa popote. Imo katika orofa ya tatu ya jengo kuukuu la mawe mtaani Ngara, jijini Nairobi, juu ya maduka ya vipuri na ya nguo, na wateja wake huelekezana kwa mdomo. Mimi nilielekezwa na muuzaji wa vitabu vya mtumba, mmoja wa wale wenye maduka ya "inama" kando ya njia za katikati ya jiji, ambapo mnunuzi sharti ainame ndipo asome majina ya vitabu vilivyotandazwa chini. Aliponiona nikinusa kila kitabu kabla ya kukifungua, alicheka, akaniambia kwamba mtu mwenye pua ya namna hiyo bila shaka ana vitabu vilivyoota ukungu nyumbani kwake. Alisema kweli.

Vitabu vyenyewe vilikuwa 43, urithi wa marehemu baba yangu, aliyefundisha Kiswahili katika shule za pwani kabla ya kuhamia Nairobi na mizigo yake yote. Miongoni mwake mlikuwa na kamusi iliyochapishwa 1939, vitabu vya kiada vya miaka ya 1950 vyenye majalada ya kitambaa, diwani kadhaa za mashairi, atlasi ya shule yenye karatasi za kung'aa, na vitabu vichache vya dini. Vyote vilikaa katika makasha mawili ya mbao, moja juu ya jingine, ndani ya stoo ya nyumba yetu ya South C. Mvua za mwishoni mwa Aprili 2024, zilizofurisha mito ya Nairobi hadi majumbani mwa watu wengi, zilituingizia stoo maji yenye kina cha shibiri moja. Kwa kuwa tulishughulikia kwanza magodoro, unga na vyeti vya watoto, makasha niliyakumbuka siku ya 9. Kasha la chini lilikuwa limelowa chepechepe. La juu halikuguswa na tone la maji, lakini nilipolifungua nilikuta majalada yamevaa manyoya ya kijivu na kijani, kana kwamba kila kitabu kimeshonewa kanzu.

Nitaungama makosa yangu kabla sijataja ya wengine. Nilivitandaza vitabu juu ya mabati ya kibanda cha gari, penye jua la adhuhuri, nikiamini kwamba jua linalofukuza kunguni magodoroni haliwezi kushindwa na ukungu. Vilikauka kweli, lakini upande mmoja ulitangulia kukauka kabla ya wa pili, majalada yakajikunja, na zile karatasi za bei nafuu, zilizotengenezwa kwa mbao zilizosagwa, zikageuka rangi ya chai ya maziwa. Kisha nikachovya kitambaa katika maji yenye jiki, kama tuiitavyo kila dawa ya klorini ya kufulia, nikalifuta jalada la kitabu kimoja pamoja na ukurasa wake wa kwanza. Doa lilififia, rangi ya jalada ikatoka nalo, na baada ya wiki chache ukurasa ule ukaanza kumeguka pembeni, kwa maana klorini haibagui kati ya ukungu na nyuzi za karatasi. Nashukuru kwamba nilijaribu kitabu kimoja tu. Fundi wa kwanza niliyempelekea vitabu viwili, ambaye kazi yake ya kila siku ni kujalidi ripoti na tasnifu za wanafunzi, alivipulizia dawa ya mende katikati ya kurasa, akavipaka gundi nyeupe ya seremala mgongoni, akanirudishia siku iyo hiyo kwa bashasha. Haikupita wiki mbili kabla ya ukungu kuota tena, mara hii chini ya gundi.

Hivyo nilipozipanda ngazi za Ngara mapema mwezi wa Julai, nikiwa nimebeba makasha kwa zamu pamoja na kijana wa mkokoteni kwa sababu jengo halina lifti, nilikuwa mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka, anayeshtuka hata akiona ung'ongo. Mwenye karakana ni mama wa makamo aliyefanya kazi maktabani kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Jambo la kwanza alilolifanya ni kunizuia mlangoni. "Karibu Mwalimu," alisema baada ya kusikia habari za vitabu na mwenyewe wa asili, "lakini hao wageni wako wabaki hapo nje kwanza." Kuna chumba kidogo cha kupokelea vitabu vigonjwa, na mlango wake haufunguliwi wakati mmoja na ule wa karakana. Kila kitabu kilitiwa ndani ya mfuko wake wa karatasi ya kaki na kuandikwa nambari. Nilipopendekeza mifuko ya nailoni, nikidhani inazuia ukungu usisambae, aliniambia kwamba nailoni huufungia unyevu ndani pamoja na kitabu na kuutengenezea ukungu chumba chake chenye joto. Halafu akanipa barakoa, akaniuliza kama nyumbani kuna mtu mwenye pumu. Nina mjukuu mwenye pumu. Akaniagiza nikasafishe stoo mlango ukiwa wazi na mtoto asiwepo, kwa sababu vijimbegu vya ukungu, vidogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, huelea hewani kila kitabu kinapofunguliwa kwa pupa, na huwasumbua wenye pumu na wenye mzio kuliko wengine. Hakuna aliyekuwa ameniuliza swali hilo kabla yake.

Uchunguzi ulichukua asubuhi nzima na haukulipiwa. Alizima taa, akalaza kurunzi ubavuni mwa kila jalada ili mwanga uteleze juu yake, na papo hapo utando ambao sikuuona ulijitokeza kama nyasi changa. Kwa ncha ya brashi alitofautisha ukungu ulio hai na uliolala: ulio hai una unyevu na hujipaka ukiguswa, uliolala ni mkavu na hutoka kama unga. Alisisitiza kwamba uliolala haujafa. Katika mazungumzo yetu yote hakuniahidi hata mara moja kwamba atauua ukungu wote, na hilo, kwangu mimi niliyekwisha kusikia ahadi za dawa ya mende, ndilo lililoanza kuniaminisha. Alisema kwamba vijimbegu vimejaa katika hewa ya kila nyumba ya Nairobi, kwamba havihitaji maji ya mafuriko ili viote, na kwamba vinachongojea ni unyevuanga upande kupita asilimia 65 hivi na kukaa hapo kwa siku kadhaa.

Nilimuuliza kwa nini kasha lisiloguswa na maji ndilo lililoota manyoya mengi zaidi. Jibu lake lilinifumbua macho. Majalada ya kitambaa ya miaka ile yaligandishwa kwa wanga ili yasimame wima, na migongo ikabandikwa kwa gundi iliyotokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Kwa ukungu hicho ni chakula kilichokwisha kuandaliwa, kinachosubiri unyevu tu ndipo kiliwe. Ndiyo maana majalada yalikuwa yamefunikwa kabisa ilhali kurasa za ndani, zilizobanana na kunyimwa hewa, zilikuwa na madoa ya pembeni pekee. Ndiyo maana pia yule fundi wa gundi nyeupe aliharibu kwa kuziba unyevu ndani ya mgongo uliokuwa tayari umesheheni chakula.

Kisha akaanza kutenga. Vitabu 9 alivikataa, na sehemu hii ya huduma ndiyo ninayoithamini kuliko zote, ingawa iliniuma. Vinne, ikiwa ni pamoja na atlasi, vilikuwa vya karatasi ya kung'aa, ambayo hupakwa udongo mweupe laini ili picha zitoke vizuri. Karatasi ya namna hiyo ikilowa na kukaukia ikiwa imefungwa, tabaka hilo huyeyuka na kugandana, na kurasa huwa ubao mmoja. Alijaribu kupenyeza ubapa wa mfupa kwenye kona ya atlasi, pakatoka sauti ya kuchanika, akauweka chini. "Ungekiingiza kitabu hiki kwenye friza siku ile ile, Mwalimu, tungekuwa na la kuzungumza," alisema. Karatasi iliyolowa huanza kuota ukungu baada ya siku mbili au tatu, naye anayewahi kuigandisha katika nyuzi 20 chini ya sifuri hujinunulia muda. Ubaridi hauui vijimbegu, bali huvisimamisha, na baadaye kitabu hukaushwa taratibu, au katika mitambo inayoivuta barafu iwe mvuke bila kupitia maji. Mto Arno ulipofurika mjini Florence tarehe 4 Novemba 1966 na kuzamisha vitabu vya Maktaba Kuu ya Taifa ya huko, waokoaji walilazimika kuvikausha hata katika matanuru ya tumbaku, na mafunzo ya msiba ule ndiyo yaliyozaa sehemu kubwa ya taaluma ya uhifadhi kama ijulikanavyo leo. Mimi nilikuwa na friza ya samaki iliyo nusu tupu jikoni, hatua kumi kutoka stoo.

Vitano vingine alivikataa kwa sababu nyepesi zaidi: ni vitabu vya kawaida ambavyo, kwa kauli yake, ningevipata kwenye "inama" kwa shilingi 150 kila kimoja, bila ukungu. Fundi mwenye tamaa angevipokea vyote. Nilipokaidi kuhusu kimoja ambacho baba alikuwa amekijaza maelezo ya penseli pembeni, alikifungua, akayasoma maelezo kidogo, akakihamisha bila kubishana hadi kwenye rundo la vinavyotibiwa, na kutoa kingine ambacho hakikuwa na hata mstari mmoja wa mkono.

Tulibaki na vitabu 34. Kabla ya kusafishwa vilikaa katika chumba cha kukaushia, ambacho nilikitarajia kiwe na joto la tanuri na nikakikuta kina ubaridi wa kawaida. Kuna mashine ya kunyonya unyevu hewani, inayojaza ndoo ya maji ambayo msaidizi huimwaga kila jioni, kuna feni iliyoelekezwa ukutani ili hewa izunguke bila kuzipiga kurasa, na kuna kipimo cha unyevuanga ambacho siku zote mbili nilizokisoma kilionyesha kati ya asilimia 48 na 52. Vitabu husimama wima, vimefunuliwa kidogo kama upepeo wa mkono, na karatasi nyeupe za kunyonya maji huchomekwa kila baada ya kurasa kadhaa na kubadilishwa. Nilikuwa nimetumia magazeti kwa kazi hiyo hiyo nyumbani; akanionyesha, ndani ya diwani moja, kivuli cha tangazo la mabati kilichojichapa kinyumenyume juu ya beti.

Kusafisha kwenyewe ni kazi ya kukausha macho. Meza imewekewa sanduku la plastiki angavu lililo wazi upande wa mbele, na nyuma yake kuna feni inayovuta hewa kupitia kichujio, ili vumbi liende mbele ya fundi na si usoni pake. Ndani ya sanduku hilo fundi huvaa glavu na barakoa, akapiga brashi pana ya manyoya ya mbuzi kutoka mgongoni mwa kitabu kuelekea nje, ukurasa baada ya ukurasa, akifuata mdomo wa kifyonza vumbi ambao umefungwa kitambaa cha wavu usije ukameza kipande cha karatasi kilicholegea. Kifyonza chenyewe kina kichujio cha HEPA, chenye kunasa asilimia 99.97 ya chembe za ukubwa wa maikromita 0.3. Nilimuuliza kama kile cha nyumbani hakitoshi. Akanijibu kwamba cha kawaida huvuta vijimbegu kwa mbele na kuvitapika kwa nyuma, chumba kizima kikawa kimepandwa upya. Majalada hupanguswa kwa sifongo kavu ya mpira, inayoshika uchafu kama kifutio, nayo hukatwa kila upande mmoja unapochafuka. Maji hayaguswi. Kamusi ya 1939 peke yake ilimchukua msaidizi siku mbili, na nilipoona namna anavyogeuza kila karatasi niliacha kushangaa kwa nini bei inahesabiwa kwa kitabu.

Madoa hayakutoka. Ni muhimu mteja ajue hilo mapema, kwa kuwa wengi, nikiwamo mimi, huja wakitumaini kurudishiwa kitabu cheupe. Ukungu huacha rangi ndani ya nyuzi za karatasi, zambarau, njano au nyeusi, na dawa yenye nguvu ya kuitoa rangi hiyo ina nguvu ya kuila karatasi vilevile. Mama yule anaondoa kilicho juu na kukausha kilicho ndani, basi. Kurasa za kamusi yangu zingali na ramani za kahawia pembeni, na vidoadoa vya rangi ya kutu ambavyo vilikuwako tangu enzi za pwani, lakini ukipitisha kidole hakibaki na unga, na ukifungua hupigi chafya.

Sasa nije kwenye kosa lao. Kwa majalada ya kitambaa yaliyokuwa na ukungu mwingi, baada ya kuyapangusa yakiwa makavu, karakana hutumia alkoholi ya asilimia 70 kwa pamba iliyokamuliwa, si alkoholi tupu, kwa sababu maji kidogo yaliyomo huisaidia kupenya na kufanya kazi kabla haijaruka hewani. Utaratibu wao ni kujaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana. Katika kitabu kimoja cha mwaka 1956 msaidizi alijaribu kitambaa, akakiona kiko salama, akaendelea hadi ndani ya jalada, mahali ambapo baba aliandika jina lake, shule yake na tarehe kwa kalamu ya biro. Wino wa biro huyeyuka kwa alkoholi. Lililobaki ni wingu la samawati, ambamo ninaisoma herufi ya kwanza kwa kuwa naijua. Kijana hakuficha, aliandika kosa lake kwenye karatasi ya kitabu hicho kwa mkono wake, na mwenye karakana alinipigia simu siku hiyo hiyo badala ya kungoja nigundue mwenyewe. Aliniomba radhi, hakunitoza kitabu hicho, na aliniambia kwamba tangu siku ile hakuna pamba inayovuka ukingo wa ndani wa jalada kabla yeye mwenyewe hajaangalia. Namwamini. Hata hivyo, sahihi ya mtu aliyefariki haina toleo la pili, na yeyote anayepeleka vitabu vyenye maandishi ya mkono anapaswa kuyataja moja moja kabla ya kuondoka, nami sikufanya hivyo.

Karatasi hiyo niliyoitaja inastahili sifa yake. Kila kitabu hurudi na ukurasa mmoja ulioandikwa hali yake kilipopokewa, kilichofanywa, kilichoachwa kwa makusudi na sababu yake, pamoja na picha mbili. Katika nyaraka za taifa au maktaba kubwa jambo hilo lisingenishangaza. Nairobi tuna Nyaraka za Kitaifa, zilizoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, na tuna maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, ambayo shirika la Book Bunk limekuwa likishughulikia ukarabati wake. Lakini taasisi hizo zina mali zao za kutunza, na mtu binafsi mwenye makasha mawili hujikuta kati ya fundi wa gundi na pipa la taka. Kupata mahali panapoandika kumbukumbu ya kitabu cha shule cha shilingi chache kana kwamba ni hati ya serikali ni jambo lililonigusa kuliko nilivyotarajia.

Ukarabati ulihusu vitabu vitatu tu, ambavyo migongo yake ilikuwa imeachana na mwili. Mishono ilishikwa upya kwa uzi, mipasuko ya kurasa ikafunikwa kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, ambayo inaweza kutolewa kwa maji siku yoyote ikihitajika, tofauti na selotepu, inayogeuka ya manjano na kung'oka pamoja na maneno. Kitambaa cha zamani cha mgongo kilibandikwa juu ya kipya. Rangi ya kitambaa kipya haikufanana kabisa. Kijani chake ni cha majani mabichi, cha zamani ni cha chupa. Sikujali sana, ila mpenda rafu za kupendeza atajali.

Kuhusu bei, nililipa shilingi 350 kwa kila kimoja cha vitabu 26 vilivyohitaji usafishaji mwepesi, na shilingi 900 kwa kila kimoja cha vile 8 vilivyoathirika sana, halafu shilingi 1,500 kwa kila mgongo uliokarabatiwa. Jumla ilikuwa shilingi 20,800, ikapunguzwa hadi 19,900 kwa ajili ya kile kitabu cha biro. Nusu hulipwa mwanzoni kwa M-Pesa. Wengine wataona ni ghali, hasa wakilinganisha na fundi anayejalidi tasnifu kwa mia kadhaa, na kwa vitabu vinavyopatikana sokoni kweli ni ghali. Ndiyo maana alinikatalia vile vitano. Lalamiko langu si la kiasi bali la namna. Bei ya ukarabati haikutajwa siku ya uchunguzi, niliisikia kazi ikiwa imekwisha kuanza, na ahadi ya wiki 3 ilikuja kuwa wiki 7. Sababu niliyopewa, kwamba Julai na Agosti vitabu hukauka pole pole, ni ya kweli, kwani mwezi huo hata soksi za mjukuu wangu zilikaa kambani siku nne. Lakini Julai huja kila mwaka, na anayeijua vizuri kuliko sisi sote ndiye aliyeahidi wiki 3.

Nimengoja mwaka mzima kabla ya kuandika tathmini hii, kwa sababu kitabu kilichosafishwa Agosti hakina cha kukijaribu hadi baridi ya Juni irudi. Mama alikuwa amenipa maagizo ya nyumbani, nami niliyafuata kwa utiifu wa mwanafunzi. Rafu imeondolewa kwenye ukuta wa nje, ambao huloa kwa ndani wakati wa baridi, ikasogezwa upande wa pili wa chumba na kuachiwa nafasi ya kiganja nyuma yake. Ubao wa chini kabisa uko juu ya sakafu kwa futi moja. Vitabu havikubanwa. Nilinunua kipimo cha unyevuanga Luthuli Avenue kwa shilingi 1,200, na kinapovuka 60 nafungua madirisha adhuhuri, wakati hewa ya nje ni kavu zaidi, na kuyafunga kabla ya jioni. Vile vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya nilikuwa nimevikusanya kwa fahari. Aliniambia, kwa upole, kwamba ndani ya kisanduku kilichofungwa vinafaa, ila juu ya rafu iliyo wazi ni sawa na kukausha bahari kwa kijiko.

Masika ya 2025 yalipita salama. Mwezi wa Julai kipimo kilipanda hadi 68 kwa siku tano mfululizo, na katika vitabu 34 nilikuta viwili vyenye vumbi jepesi la kijivu kwenye kingo za jalada. Vyote viwili vilikuwa miongoni mwa vile 8. Nilipovirudisha Ngara vilipanguswa tena bila malipo, na safari hii kwa siku sita. Harufu ndiyo iliyobaki mkaidi. Ilipungua sana baada ya vitabu kukaa mwezi mzima ndani ya kasha kavu pamoja na bakuli la makaa, lisilogusana navyo, lakini asubuhi za mawingu chumba bado kinanuka stoo kidogo. Mke wangu anasema ni mimi ninayeifuata harufu hiyo kwa pua.

Kwa mwenye vitabu vingi vya kawaida vilivyolowa jana, sioni haja ya kupanda ngazi zile: avikaushe kivulini penye upepo, avipanguse nje ya nyumba akiwa amevaa barakoa, na asivyoweza kuviokoa avinunue upya. Kwa mwenye kitabu ambacho hakina cha pili, naipendekeza karakana hii pasipo kusita, mradi aulizie bei yote mwanzoni na aziongeze wiki nne juu ya zile atakazoambiwa.

Mimi mwenyewe nitarudi. Lipo sanduku la barua na madaftari ya baba ambalo mafuriko hayakulifikia ila unyevu umeanza kulinusa, na tumekubaliana nilipeleke Januari, wakati hewa ni kavu. Nimeyapitia madaftari yote jioni tatu. Kila penye mwandiko wake wa biro nimechomeka kipande cha karatasi nilichokiandika kwa penseli: "Hapa pasiguswe."